Canon SX740 au Lumix TZ200 kwa safari ya Mikumi?

Mwanamoro: Wakuu habari zenu. Mwezi ujao naenda Mikumi na familia, natafuta kamera ndogo ya kuingia mfukoni ila yenye zumu ya maana, maana simu nikivuta kidogo tu twiga anakuwa kama kapakwa rangi na mtoto. Nimeona mbili za mtumba, Canon SX740 HS ya zumu mara 40 na Lumix TZ200 ya mara 15, halafu hii ya 15 ndo bei imechangamka, mbona kinyume? Nichukue ipi?

Jicho_Kali: Mkuu usihesabu hizo "mara" peke yake. Kweli kwa urefu wa lenzi (mm zikiwa nyingi ndo inavuta mbali zaidi) Canon inafika mm 960 na Lumix inaishia 360, lakini angalia sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), ya Lumix ni inchi 1, eneo lake karibu mara nne ya ile ya Canon. Simba utamkuta saa kumi na mbili asubuhi jua ndo linachomoza, hapo Canon ukivuta mpaka mwisho ni f/6.9 (namba ikikua tundu la lenzi linakuwa dogo, mwanga unapungua), ISO, yaani kamera kuongeza mwanga kielektroniki, inapanda, manyoya yote yanageuka chengachenga. Lumix nayo mwishoni ni f/6.4, ila sensa inabeba. Na ina RAW (faili ghafi la picha la kuhariri baadaye) na kitundu cha kuchungulia, Canon haina hata kimoja, saa sita juani kioo cha nyuma huoni kitu.

Mama Ndege: Kaka hapo nakupinga kidogo. Mie napiga ndege, keremkezi akiwa mita 30 kwa mm 360 anabaki kadoa tu, mwanga ukiwepo SX740 inanitosha kabisa. Nimeshona kimfuko cha kitenge nikajaza maharage, nakiweka dirishani nalaza kamera juu yake, dereva anazima gari, picha inatulia. Ila jua likishakuwa kali usihangaike na vya mbali, joto la ardhini linafanya kila kitu kicheze.

Jicho_Kali: Kwa ndege sawa dada, nakubali. Mwanamoro, za mtumba kagua vumbi kabla hujatoa hela, hizi lenzi za kuingia na kutoka zinalivuta ndani. Weka f/8, vuta zumu mpaka mwisho, piga karatasi nyeupe, ukiona madoa ya kijivu iache, mimi ya kwanza niliuziwa hivyo na kuisafisha mpaka ifunguliwe yote.

Mwanamoro: Asanteni sana. Watoto wanataka simba na tembo, basi Lumix. Kesho naenda dukani na karatasi yangu, na mama watoto nimeshamwomba kipande cha kitenge.