2147483647: Euler alijuaje kuwa ni namba tasa bila kikokotoo?

Mwl_Tabora
Wadau, habari zenu. Nafundisha hesabu kidato cha tatu. Juzi mwanafunzi wangu kaandika programu ya kujumlisha. Ilipofika 2147483647 akaongeza moja, jibu likageuka hasi. Nikamweleza kuwa hiyo ni 2^31 − 1, namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zenye hasi na chanya. Akauliza kama ni namba tasa. Nikamwambia ndiyo, mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772. "Alithibitishaje, mwalimu?" Nikakwama.

Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushee, kwa hiyo inatosha kugawa kwa namba tasa zilizo chini ya hapo, lakini zinapita 4,700. Nimegawa kwa kalamu jioni mbili, nimeishia 500. Euler wakati huo macho yake yalikuwa karibu yameisha. Aliwezaje?

kijana_wa_kodi
Si kwa sababu kipeo chenyewe, 31, ni tasa?

Bi_Shufwa
Hapana mdogo wangu, hilo halitoshi. 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89.

Mwalimu, itazame hiyo 23 na 89. Zote ukiziondolea moja zinagawanyika kwa 22. Siri iko hapo. Tuseme q ni kigawo tasa cha namba yako. Basi 2^31 ukiigawa kwa q hubaki 1. Kanuni ya mwanahisabati Fermat inatuambia 2^(q−1) nayo hubaki 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, lazima igawe q − 1; na q ni witiri, kwa hiyo q = 62k + 1. Namba nyingi zimeshaanguka.

Kisha 2^32 hubaki 2, nayo ni mraba wa 2^16. Yaani kwa q, 2 ni baki la mraba (kuna mraba ambao ukiugawa kwa q hubaki 2), na hilo hutokea tu pale q ikigawanywa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisha masharti hayo mawili: q ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Euler alitumia njia hiyohiyo. Mpaka 46340, ukiacha 63 yenyewe, zinabaki namba 372 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa.

Mwl_Tabora
Bi Shufwa, Mungu akubariki. Nimekaa na daftari tangu magharibi. 249 ni 3 × 83, naiacha. 311 ni tasa: baki 35. Halafu hakuna tasa nyingine mpaka 1303: baki 226. Mara moja tu nimeruka kutoka 311 hadi 1303! Na mimi nilihangaika na 7, 11, 13, 17 jioni nzima.

Darasani nina wanafunzi 62. Namba 372, kila mmoja sita. Jumatatu naingia na orodha, na huyo aliyeuliza ndiye atakayeanza na 311.