Spula ya printa ikigoma kwenye seva: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale wanaopigiwa simu kila printa ikinyamaza. Spula, ile huduma inayopanga foleni ya kazi za kuchapisha, imekwama: kazi imeganda kwenye foleni, imeandikwa "Deleting" toka asubuhi na haifutiki. Unafanyaje?

Naanza mimi. Tunatumia Windows Server, na balaa huja mwisho wa mwezi, hati za mishahara zikitoka. Wengi huzima spula kwa net stop spooler, wanawasha kwa net start spooler, foleni inarudi vilevile. Inarudi kwa sababu kazi zimehifadhiwa kwenye diski, ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS. Kila kazi huwa na faili mbili: SPL ndiyo hati yenyewe, SHD ina habari za aliyetuma na printa anayoitaka. Spula ikiamka inazisoma upya, inakutana na ile mbovu, inakwama palepale. Kwa hiyo zima, toa faili, ndipo uwashe. Mimi sifuti zote, maana kuna kazi za watu mle. Nazihamishia pembeni, kisha nazima tena na kurudisha zile nzima, SPL na SHD yake pamoja.

MtuWaKebo: Sisi tuko Linux, tunatumia CUPS, mfumo wa kuchapisha wa huko. Huko unaweza kupiga systemctl restart cups mpaka usiku na foleni isisogee, kwani foleni ikisimamishwa, hali hiyo inaandikwa kwenye printers.conf. Angalia kwa lpstat -p, halafu cupsenable na jina la printa. Printa yetu ilikuwa na sera ya stop-printer (hitilafu ikitokea, foleni inasimamishwa), na kuna mtu alikuwa anaichomoa kila jioni ili achaji simu! Nikabadilisha kuwa retry-job (kazi inajaribiwa tena), simu yake ikaendelea kupata chaji.

BintiSeva: Kwenye domain controller, seva inayosimamia akaunti za mtandao wa Windows, sisi tulizima spula na hatukuwasha tena. Ni tangu PrintNightmare, ule udhaifu wa usalama wa spula wa 2021; Microsoft wenyewe walishauri hivyo. Usumbufu wake ni mmoja: spula ya pale ndiyo iliyokuwa ikifyeka printa zilizokufa kwenye Active Directory, orodha kuu ya watumiaji na vifaa vya mtandao. Sasa tunafyeka kwa mkono.

Mgeni77: Jamani, yangu hata kuzimika haitaki. Inaning'inia kwenye "stopping" tu.

Mwanzisha uzi: Mkuu, kwanza sc config spooler start= disabled (hiyo nafasi baada ya = usiisahau), kisha taskkill /f /im spoolsv.exe. Ukiua bila kuiweka disabled kwanza, itajiwasha yenyewe kabla hujasafisha folda. Ukimaliza, rudisha start= auto ndipo uwashe. Ikijirudia, shuku draiva, ile programu inayoiendesha printa. Iweke iwe Isolated kwenye Print Management, ili ikianguka isiiangushe spula nzima.

Mgeni77: Imezimika! Folda ina faili za toka mwaka jana.