Ng'ombe amefia mferejini, kanasa kwenye kalavati. Atolewe vipi?

mtoto_wa_mfongo
Wakuu, habari za jioni. Mfereji uko tambarare ya Hai, Kilimanjaro, unanywesha mashamba, na kaya za chini zinachota humo humo. Ng'ombe mzima kanasa kwenye mdomo wa kalavati, tumbo limejaa kama ngoma, hana hereni wala chapa. Ana kama siku tatu. Mgawa maji anataka kufungulia maji mengi yamsukume apite. Vijana nao washanoa visu, wamkatekate watoe vipande. Lipi sahihi? Na watu wanywe nini?

mifugo_kata
Visu virudi alani kwanza. Kilimanjaro, Arusha, Manyara, kote huko kimeta (anthrax), ugonjwa unaoua mifugo na watu, kipo, kwa hiyo kibudu kisichojulikana kimekufa kwa nini hakipasuliwi wala hakichunwi. Vijidudu vya kimeta vikibaki ndani ya mzoga mzima, uozo unaviua ndani ya siku chache. Ukipasua vikapata hewa, vinajitengenezea ganda gumu, na hayo maganda hukaa ardhini miongo kadhaa yakisubiri ng'ombe mwingine aje kulisha hapo.

Utaambiwa uangalie damu nyeusi isiyoganda puani na mkunduni, na mwili usiokakamaa. Sawa, ila huyu kaoshwa na maji siku tatu, na mzoga wowote wa siku tatu huvimba. Kukosa dalili hapa hakuthibitishi kitu. Hata damu ya sikio ikipelekwa kwenye darubini, bakteria wa uozo wanakuwa wengi hadi jibu haliaminiki. Mwiteni afisa mifugo wa kata leo hii, mwenyekiti wa kijiji ajue, na mpaka afisa huyo atoe jibu mhesabuni kuwa ana kimeta.

banio_na_tuta
Mgawa maji apumzike. Akifungulia, ng'ombe anaingia nusu ya kalavati, anakwama mahali ambapo hata kamba haifiki, maji yanapanda nyuma yake na kula tuta. Fanyeni kinyume: fungeni maji kwenye banio, pale yanapoingilia mfereji, yarudi mtoni, mfereji ushuke hadi magotini.

Kamba iwe ya manila, milimita 16 hadi 20, mita 20 au zaidi. Fungeni miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, juu ya kifundo. Msifunge tumbo, litapasuka. Mguu mmoja peke yake nao huchomoka mzoga ukishalegea. Ukifika hali hiyo, pitisheni turubai chini yake mumbebe kama machela. Vuteni kuelekea maji yanakotoka ili atoke mdomoni mwa kalavati, ndipo mumpandishe ukingoni juu ya turubai. Watu wanane hadi kumi wanatosha, trekta ni bora. Asiwepo mtu kwenye mstari wa kamba, ikikatika inachapa.

Gumbuti na glovu ndefu za mpira kwa kila anayegusa, na mwenye mchubuko asiingie majini kabisa. Homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyosumbua Lindi 2022, hupenya hapo hapo kwenye mchubuko.

jicho_la_mto
Samahani, mbona nyumbu wanakufa Mto Mara kila mwaka na hakuna anayewatoa?

mifugo_kata
Swali zuri. Wanaozama ni wastani wa 6,250 kwa mwaka, kama tani 1,100 za nyama. Lakini Mara ina mamba, tai na samaki wa kuimaliza, na maji mengi ya kuichukua. Hata hivyo minofu huchukua wiki 2 hadi 10, mifupa miaka saba. Mfereji wa upana wa mita moja wenye ndoo za watu chini yake hauna hiyo nafasi.

Shimo sasa. Urefu mita 2.5, upana 1.5, kina kisipungue 2, udongo juu ya mzoga ufike mita nzima. Mita 60 kutoka kwenye maji, za Sheria ya Mazingira ya 2004, ndiyo chini kabisa, nendeni mbali zaidi, mahali palipoinuka. Mkichimba mkakuta unyevu unachuruzika, hameni. Turubai na udongo uliolowa majimaji yake viingie humo humo. Juu wekeni miiba, maana fisi na mbwa hufukua usiku wa kwanza.

mtoto_wa_mfongo
Asante dokta. Chokaa je? Na maji?

mifugo_kata
Chokaa acheni. Haiui maganda ya kimeta, na kalsiamu yake inadhaniwa kuyasaidia kudumu.

Maji ya kwanza baada ya kumtoa yamwageni shambani kusikochotwa, pateni tope lililokuwa chini yake mlizike pamoja naye. Kaya zichote kwingine mpaka jibu la kimeta litoke. Dawa ya klorini ya ndoo inafaa kwa vijidudu vya kuhara, maji yakiwa safi machoni. Kwenye maji ya tope inapotea bure, na maganda ya kimeta haiyagusi. Ng'ombe na mbuzi nao wasinyweshwe hapo. Na yeyote aliyemshika akiona kidonda chenye gaga jeusi lisilouma, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alishika kibudu.