Mjadala: Kitabu cha uzao cha mbwa adimu kifungwe, au mlango ubaki wazi?

Wadau wa mbwa, naleta hoja na nitaisimamia. Kitabu cha uzao cha mbwa adimu, yaani daftari la mbwa wa aina hiyo na wazazi wao, kisifungwe kabisa kwa mbwa ambao wazazi wao hawamo. Mbwa asiye na karatasi za uzao lakini mwenye umbo la wenzake na anayeijua kazi apewe njia ya kuingia. Na yule mwenye karatasi asiyeijua kazi asizalishwe. Mfano wangu ni Braque du Bourbonnais wa Ufaransa, maana yaliyomkuta yanatosha kulijibu swali hili.

Kwa wasiomjua, huyu ni mbwa wa ndege. Akinasa harufu ya kware kwenye nyasi anaganda, pua mbele, hatikisiki mpaka mwindaji afike. Anatoka Bourbonnais, jimbo la zamani katikati ya Ufaransa, na anatajwa tangu karne ya 16. Sifa mbili zilimpa umaarufu: wengi huzaliwa na mkia mfupi au bila mkia kabisa, na manyoya yake huwa na rangi ya lilaki iliyopauka, kama kanga ya zambarau iliyoanikwa juani miaka mingi.

Sifa hizo hizo ndizo zilizomponza.

Klabu yake ya kwanza iliundwa mwaka 1925, na wawindaji waliendelea kumtumia hadi Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita idadi ikaporomoka. Wafugaji walikuwa wameng'ang'ania mkia na rangi, uwezo wa kuwinda ukawekwa nyuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kuanzia 1963 hadi 1973 hakuandikishwa hata mmoja kwenye LOF, kitabu cha taifa cha uzao wa mbwa wa Ufaransa. Miaka kumi!

Na suala la mkia ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wa vinasaba wamegundua badiliko la jeni linalofupisha mkia katika aina kadhaa za mbwa, Bourbonnais akiwamo. Kiinitete kikirithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama pia, kinakufa mapema tumboni. Kwa hiyo ukipandisha dume na jike wote wenye badiliko hilo, kwa wastani robo ya viinitete inapotea kabla ya kuzaliwa. Fikirini: mbwa tayari wamebaki wachache, na bado mtu anachagua wazazi kwa sifa inayopunguza watoto. Linaniuma sana hili.

Sasa nani alimwokoa? Mwaka 1970 mfugaji Michel Comte alianza kuwasaka masalia akiwa na wenzake. Waliopatikana walikuwa mbwa waliochanganyika, wasio na karatasi, lakini bado wakibeba dalili za Bourbonnais. Akawazalisha wao kwa wao, akiwachuja kizazi baada ya kizazi hadi umbo likarudi, na jina likarudi kitabuni. Yaani mbwa wanaojivunia karatasi leo, mababu zao walikuwa mbwa wa mlango wa nyuma.

Najua jibu la upande wa pili, nimelisikia mara nyingi: "Ukifungua mlango, kila mbwa ataitwa Bourbonnais." Hofu hiyo naiheshimu. Umbo la mbwa lililotunzwa kwa karne kadhaa linaweza kupotea kwa vizazi vichache vya uzembe. Ila mlango wazi hauna maana ya mlango usio na mlinzi. Mtazameni Poitevin, mbwa wa kuwinda kwa makundi wa huko huko Ufaransa, aliyefugwa na ukoo wa de Larrye tangu mwisho wa karne ya 17. Mapinduzi ya Ufaransa yalilisambaratisha kundi lao. Mwaka 1842 kichaa cha mbwa kikawafyeka waliobaki, na wafugaji wao wakaingiza damu ya foxhound, mbwa wa kuwinda mbweha wa Uingereza. Je, kuna anayesema Poitevin wa leo si Poitevin?

Tena kufunga mlango kuna gharama yake. Uzao ulioanzia kwa mbwa wachache, ukiendelea kupandishana ndugu kwa ndugu, unalimbikiza magonjwa ya kurithi, na hakuna muhuri wa klabu unaoyaondoa.

Nikiri kuna hatua imepigwa: vigezo vya sasa vya Bourbonnais vinakubali mkia wa urefu wowote. Hiyo ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kuutanguliza uwanja mbele ya jukwaa la maonyesho: mbwa apelekwe shambani, upepo ukivuma, ndege wapo, tumwone anavyofanya, kisha ndipo tuzungumzie rangi.

Wanaotaka kitabu kifungwe, naomba jibu la jambo moja tu. Ungekuwa wewe mwaka 1970, kitabu kitupu, na mbele yako yuko mbwa asiye na karatasi ameganda juu ya kware, ungemfanya nini?