Siku moja ya kutembea kwa miguu Lowell, Massachusetts: nianzie wapi?

Mtafuta Mtande (muulizaji)

Wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao nitakuwa Boston kwa shughuli za masomo, na katika ratiba yangu imebaki siku moja tu isiyo na kazi. Nimekusudia kuitumia Lowell, mji ulio kilomita 40 hivi kaskazini-magharibi ya Boston, ambao kwa zaidi ya miaka 100 uliishi kwa kusokota na kufuma pamba, ukaporomoka viwanda vilipofungwa au kuhamia majimbo ya kusini, kisha ukaanza kufufuliwa, hasa baada ya mwaka 1978 pale Bunge la Marekani lilipoyafanya majengo na mifereji yake kuwa hifadhi ya taifa ya historia.

Sababu yangu ya kuuchagua mji huo imetoka nyumbani. Nimekua nikimsikia bibi yangu akikiita kitambaa cha pamba kisichopaushwa "merikani", na nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba jina hilo lilikuwa na maana yake kamili: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, bandari iliyo jirani na Boston, walikuwa wakiteremsha Zanzibar marobota ya kitambaa kilichofumwa Massachusetts, wakiondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Ningependa kuona kitambaa kile kilitoka mahali pa namna gani.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Nimewahi kutembelea mitaa ya viwanda iliyofufuliwa katika miji mingine, nikarudi na picha nzuri za kuta za matofali mekundu bila kuelewa lolote juu ya kazi iliyofanyika humo. Mashine zimeondolewa, madirisha yamesafishwa, ndani mna ofisi na makazi, na ukuta peke yake hausemi. Mtu mwenye siku moja na miguu yake tu atembee kwa mpango gani ili aelewe? Kilomita 10 naziweza bila taabu.

Mpenda Mito

Ndugu muulizaji, fuata maji. Wageni wengi wakishuka kwenye treni hulikimbilia jengo la Boott, kiwanda cha zamani cha pamba ambacho sasa ni makumbusho, kwa sababu ya mnara wake wa saa, wakalipiga picha, wakarudi zao wakiwa na wasiwasi huohuo ulioueleza. Lowell haikujengwa pale kwa ajili ya pamba, kwa kuwa pamba haioti Massachusetts. Ilijengwa kwa sababu mto Merrimack, ukifika maporomoko ya Pawtucket, unashuka karibu mita 10 katika mwendo mfupi, na wenye mitaji wa Boston waliounda kampuni ya Merrimack mwaka 1822 walichokihitaji kuliko ardhi yenyewe ni ule mshuko. Mfereji wa Pawtucket walioukuta ulikuwa umechimbwa katika miaka ya 1790 ili mashua na magogo yapite kando ya maporomoko. Wao waliupanua, wakachepusha mingine kutoka kwake, hata mtandao wote ukafikia kilomita 9 hivi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ya sururu na koleo ilifanywa na vibarua kutoka Ireland, na mtaa wa Acre, walikopiga vibanda vyao vya mwanzo, utaupitia ukirudi mjini.

Kwa hiyo asubuhi, ungali na nguvu, panda kuelekea chanzo. Anzia kituo cha wageni cha hifadhi kilichopo Market Street, chukua ramani yao ya bure, kisha nenda mpaka Swamp Locks, malango ya kupandishia na kushushia mashua mfereji unapobadilika kimo. Hapo usipite haraka. Simama ukingoni uangalie jinsi maji ya upande mmoja yalivyo juu kuliko ya upande wa pili, kwa maana hapo ndipo utaielewa hesabu ya mji mzima: maji yaliyokwisha kuzungusha magurudumu ya viwanda vya ngazi ya juu yalimwagwa kwenye mifereji ya ngazi ya chini, yakazungusha ya viwanda vingine, ndipo yakarudishwa mtoni. Maji yaleyale yaliuzwa mara mbili. Nimeishi na mito maisha yangu yote, na sijaona mahali pengine ambapo jambo hilo linaonekana kwa macho wazi namna ile.

Ukiendelea kuufuata mfereji wa Pawtucket kwa karibu nusu saa utafika Guard Locks, penye lango la Francis. James B. Francis alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni iliyomiliki mifereji, na mwaka 1850 alikamilisha lango kubwa la mbao lililoning'inizwa juu ya mfereji kwa kiungo cha chuma, likingoja mafuriko ambayo watu hawakuamini kwamba yangekuja. Walilipachika jina la upumbavu wa Francis. Mwaka 1852 mto ulifurika, mfanyakazi akakikata kile kiungo kwa patasi, lango likashuka na mji ukapona. Liliteremshwa tena katika mafuriko ya mwaka 1936.

Kutoka hapo nenda kwenye maporomoko yenyewe, kisha urudi mjini ukiwa na mto mkono wa kushoto. Mfereji wa Northern, ambao Francis aliujenga katika miaka ya 1840, unatenganishwa na mto kwa ukuta mkubwa wa mawe, na kuna njia ya miguu juu yake. Lakini hufunguliwa katika majira ya joto tu, basi uliza kabla ya kwenda. Mwendo wote huo haufiki kilomita 10. Utakapolifikia jengo la Boott hutaona tena ukuta wa matofali, utaona mtambo uliowekwa katikati ya mfereji na mto.

Bi Mkubwa wa Mtaa wa Pili

Mwanangu, niliishi Lowell miaka kumi na moja nikifanya kazi ya kuuguza wazee. Wakenya tupo wengi pale, kwa hiyo usishangae ukisikia Kiswahili barabarani. Nakubaliana na Mpenda Mito juu ya maji, ila mpangilio wake una kasoro: ukifika Boott jioni umechoka, utakaa dakika kumi katika chumba cha kufumia na kutoka, na chumba kile ndicho kitakachobaki moyoni mwako. Hakikisha umefika kabla ya saa nane mchana, na siku moja kabla thibitisha kwamba mashine zitawashwa, maana hifadhi hubadilisha ratiba zake.

Chumba kiko ghorofa ya chini, kimepangwa mashine 88 za kufumia za mwanzoni mwa karne ya 20, mstari kwa mstari, na huwashwa chache tu kwa wakati mmoja. Mlangoni unapewa vizibo vya masikio. Mimi mara ya kwanza niliviweka mfukoni, nikidhani ni tahadhari za wazungu, na hatua tano hazikuisha kabla sijavitafuta. Mlio huo huusikii kwa masikio peke yake. Unaingia kupitia nyayo, sakafu inatetema, na ukiweka kiganja juu ya ukingo wa dirisha unausikia hapo pia. Kisha simama mbele ya mashine moja tu. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinapanda na kushuka, kile chombo cha mbao kinachobeba mshindio, uzi wa upana, kinarushwa huku na huku hata jicho linashindwa kukifuata, na kitambaa kinajisogeza mbele taratibu sana, kwa upana wa uzi mmoja baada ya mwingine. Nilipouona utaratibu ule wa kitambaa kuzaliwa ndani ya kelele zile, nilielewa kwa nini ilihitajika siku nzima ya mtu. Na usisahau kwamba zile ni chache. Mwanamke aliyefanya kazi humo alisimama katikati ya chumba kizima kinachovuma, madirisha yakiwa yamefungwa ili hewa ibaki na unyevu na nyuzi zisikatike, na vumbi la pamba likielea mbele ya uso wake.

Ukitoka, vuka uwanja uingie katika nyumba ya bweni iliyohifadhiwa jirani na kiwanda. Wafanyakazi wa miongo ya mwanzo walikuwa hasa wasichana kutoka mashamba ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, walioacha kwao kwa mara ya kwanza, wakalala wengi chumba kimoja, mara nyingi wawili kitanda kimoja. Kengele ya kuwaamsha majira ya joto ililia yapata saa kumi na nusu alfajiri, na mlango wa bweni ulifungwa saa nne usiku. Kwa wastani walifanya kazi kama saa 73 kwa wiki. Waajiri walipotangaza kupunguza ujira mwaka 1834 waligoma, na mwaka 1836 gharama ya bweni ilipopandishwa wakagoma tena. Na mwaka 1845 mmoja wao, Sarah Bagley, alisimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo kudai siku ya kazi ya saa 10. Hawakupewa. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipita Massachusetts mwaka 1874, wengi wao wakiwa wameshazeeka. Nenda ukaketi dakika chache kandokando ya mfereji katika bustani iliyopewa jina la Lucy Larcom, ambaye aliingia kiwandani akiwa mtoto na baadaye akawa mshairi.

Msomakale

Nashukuru kwa majibu yaliyotangulia. Ninaongeza yale ambayo njia ya maji haiwezi kuyaonyesha. Pamba iliyoingia katika majengo yale ilitoka majimbo ya kusini, na mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilivyoanza mwaka 1861 ililimwa na kuchumwa na watumwa. Isitoshe, sehemu ya kitambaa ilirudi kulekule: nguo nzito ya bei nafuu waliyovishwa watumwa mashambani iliitwa "lowell", kwa jina la mji huu, na watu waliokombolewa walikuwa bado wakiitaja hivyo walipohojiwa uzeeni. Kwa hiyo mji mmoja umeacha jina lake juu ya mgongo wa mtumwa wa Georgia, na nchi nzima imeacha lake katika duka la nguo la Zanzibar. Ukiingia kwenye maonyesho, tafuta sehemu inayoeleza ilikotoka pamba, na uipe muda uleule utakaoupa mashine.

Juu ya merikani yenyewe nakuomba uwe mwangalifu kidogo. Biashara ilishika kasi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Sayyid Said, na konsuli wa kwanza wa Marekani alifika Zanzibar mwaka 1837. Hata hivyo Massachusetts ilikuwa na viwanda vingi, Salem kwenyewe kikiwamo kimoja kikubwa, kwa hiyo huwezi kuushika ukuta wa Boott na kusema robota la bibi yako lilitoka hapa. Unachoweza kusema ni kwamba lilitoka katika mfumo huu wa kazi. Vita vya 1861 hadi 1865 viliikatiza pamba, nguo ikapanda bei, na kitambaa cha Uingereza na cha India kikachukua soko. Jina peke yake ndilo lililobaki, hata kwa kitambaa ambacho hakikupata kuiona Marekani.

Jambo la mwisho ni juu ya ufufuaji wenyewe. Msifu Patrick Mogan, mwalimu aliyewashawishi wenzake kwamba historia ya mji ni mali yao na si aibu, na Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell aliyeipigania sheria ya 1978 bungeni. Lakini viwanda vya kampuni ya Merrimack, iliyouanzisha mji, havipo; vilibomolewa karibu na mwaka 1960, kabla wazo hilo halijakomaa. Ukifika mwisho wa mfereji wa Merrimack utakuta majengo ya kisasa ya makazi, na wengi hupita bila kujua wanapita juu ya nini. Mimi napaona pale kuwa sehemu muhimu kuliko zote za matembezi, kwa kuwa panaonyesha jinsi Boott nayo ilivyokaribia kupotea. Tena usiseme mji ulikufa kisha ukafufuliwa na wahifadhi. Wakambodia waliokimbia vita walianza kuhamia Lowell kwa wingi katika miaka ya 1980, na leo jumuiya yao ni ya pili kwa ukubwa nchini Marekani baada ya ile ya Long Beach, California. Waligeuza mitaa iliyohamwa kuwa makazi kabla bei za vyumba ndani ya viwanda hazijapanda.

Mtafuta Mtande (muulizaji)

Wazee wangu na ndugu zangu, nimerudi jana, na ninawiwa maelezo. Nilifuata maji asubuhi na kufika Boott saa saba na nusu, kwa hiyo nimewatii wote wawili. Njia ya juu ya ukuta wa Northern ilikuwa imefungwa, nikapita barabarani. Pale Swamp Locks nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kimo cha maji kinaweza kumilikiwa na kampuni.

Katika chumba cha kufumia nilivaa vizibo tangu mlangoni, Bi Mkubwa, lakini nilivitoa kwa sekunde chache kusudi nijue. Mhudumu aliniona, akanionyesha kwa ishara nivirudishe. Nilipouliza juu ya pamba na watumwa alinipeleka mwenyewe mpaka kwenye ubao unaoeleza, akasimama nami nikisoma.

Dukani huuzwa vitambaa vilivyofumwa kwa mashine zilezile. Nilinunua kimoja, na usiku nikampigia bibi kwa video nikakikaribisha kwenye kamera. Alikitazama kimya, akaniomba nikigeuze upande wa pili, kisha akaniuliza kama kimeshaoshwa, kwa kuwa merikani hurudi na kupungua ikioshwa, na nisithubutu kukikata kabla hakijalowekwa usiku kucha.