Komandi za kuchora kwa ajili ya mafundi stika, tuziiteje kwa Kiswahili?

fundi_mwanjelwa

Habari za saa hizi wadau. Mi nipo Mbeya, Mwanjelwa, kazi yangu ni stika za bajaji na daladala, mabango ya maduka na logo za vikundi vya wakulima, naandaa kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta, afu naipeleka kwenye plota, mashine yenye kisu inayofuata mistari ya mchoro, inakata. Nina vijana wanaojifunza kazi hapa na Kiingereza cha kwenye menyu kinawapa tabu sana, wanakariri tu "bonyeza ya tatu kutoka juu", ikibadilika toleo basi wamepotea. Kwa hiyo naandaa menyu ndogo ya Kiswahili ndani ya Inkscape hiyo hiyo, kwa njia ya ekstensheni, yaani kiongezi cha programu, unaandika faili la .inx linalobeba jina linaloonekana kwenye menyu na faili la Python linalofanya kazi yenyewe. Upande wa Python naenda vizuri. Nilipokwama ni kwenye majina.

Chukua Union, Combine na Group. Ukimwambia mtu azitafsiri haraka zote tatu atakwambia "Unganisha", na kwenye kazi yetu hizo ni komandi tatu tofauti kabisa. Mteja wa bajaji anataka "Mungu ni Mwema" kwa fonti ya mwandiko, zile herufi zinapandana moja juu ya nyingine. Ukipiga Group, kila herufi inabaki na mstari wake mzima, zimeshikana tu ili uzihamishe pamoja. Ukipiga Combine zinakuwa kitu kimoja kweli lakini mistari ya ndani pale zinapopandana bado ipo, na plota haijali rangi, inafuata mstari, kwa hiyo kisu kinapita katikati ya neno na stika inabanduka vipande. Union peke yake ndo inafuta ile mistari ya ndani na kubakiza mzingo wa nje. Sasa kijana akiona "Unganisha" atajuaje ni ipi?

Afu kuna suala la kukata. "Kata" tayari ni ya Ctrl+X, kila mtu anaijua hivyo hata kwenye simu. Cut Path niiite nini, na Difference, na Division? Na swali la pili, bora kila kitu kiwe komandi yake au niweke komandi moja inayofungua kidirisha mtu achague humo? Nawasikiliza.

mzee_wa_plota

Kamwene kijana wangu. Mimi nipo Iringa, hii kazi nimeifanya kwa CorelDRAW, programu nyingine ya kuchora, miaka mingi kabla ya kuhamia huko kwenu, kwa hiyo ngoja niseme kwa upande huo.

Corel wao hiyo Union wanaiita Weld, na kwangu ndilo jina zuri kuliko yote. Mafundi wetu wote wanajua kuchomelea, geti lina vyuma viwili, ukishachomelea ni kimoja na pale kwenye kiungo hamna tena mwisho wa chuma hiki wala mwanzo wa kile. Iite "Chomelea" na uachane na unganisha. Kijana wa Kihesa ambaye hajawahi kugusa kompyuta utamwambia chomelea hizi herufi na atakuelewa kabla hujafungua mashine.

Jambo la pili, na hili nakuomba ulizingatie sana, usidhani kwamba jina lililozoeleka kwenye programu moja linamaanisha hicho hicho kwenye nyingine. Simplify ya Corel inakata sehemu zilizofichwa nyuma ya umbo lingine. Simplify ya Inkscape inapunguza nodi, zile nukta zinazoshikilia mstari, mkunjo unalainika, na ukiirudia haraka haraka inazidi kulainisha. Shotikati ndio balaa zaidi, kwa Corel Ctrl+L ni Combine na Ctrl+K ni kutenganisha, Inkscape wao Ctrl+K ndio Combine na Ctrl+L ndio hiyo Simplify. Mtu aliyezoea Corel anabonyeza Ctrl+L akitegemea herufi zishikane, kumbe nodi zinapukutika na kona za herufi zinakuwa butu, na kwa jicho la haraka kwenye skrini hazionekani mpaka stika imeshatoka. Kwa hiyo wewe unayeanza upya una nafasi nzuri, taja kitu kwa jinsi kinavyotokea kwenye stika, usinakili jina la mtu yeyote. Kwa hiyo Simplify iite "Punguza nodi" na hakuna atakayebabaika.

mbao_na_rangi

Mi nitawapinga kidogo wakuu, nipo Mafinga. Kutafsiri ni kuwafungia hao vijana mlango. Siku akikwama ataenda YouTube, na kule kila somo linasema Union, linasema Difference, yeye anajua Chomelea tu. Atatafuta nini? Akienda kuomba kazi Dar kwenye duka linalotumia Illustrator, programu nyingine tena ya kuchora, ndo kabisa. Bora wakariri Kiingereza mapema hata kama ni kwa shida, mbona injini za pikipiki wamezijua zote na majina yake.

fundi_mwanjelwa

@mbao_na_rangi nakuelewa kaka na ndo hofu yangu pia. Ila hata huko Kiingereza chenyewe hakikubaliani, mzee ameshasema hapo juu. Illustrator ni Unite, Corel ni Weld, Inkscape ni Union, na kazi ni ile ile. Kubadilisha maandishi yawe umbo Illustrator wanasema Create Outlines, Corel ni Convert to Curves, Inkscape ni Object to Path. Kijana aliyekariri moja akienda kwa mwingine anaanza upya vile vile. Mimi nataka kwanza kichwani aelewe kinachotokea, akishaelewa jina la Kiingereza atalipachika tu.

nodi_njombe

Jamani habari, dada yenu kutoka Njombe, huku baridi ya Julai stika haishiki mpaka uipashe moto kwanza, poleni wote mliopo kazini.

Mi naandika programu na pia nafundisha vijana kuchora, kwa hiyo hili lipo moyoni kabisa. Nianze na ya kaka wa Mafinga kwa sababu ina suluhisho jepesi. Jina la kwenye menyu liwe la Kiswahili, lakini yale maelezo mafupi yanayotokea ukisimamisha mshale juu ya komandi yataje jina la Inkscape na la Corel na la Illustrator. Kijana anafanya kazi kwa lugha yake na anaona la YouTube hapo hapo. Na ndani kwa ndani, kaka fundi, usiguse vitambulisho. Kwenye .inx kuna id, kitambulisho inachosoma mashine, na kuna name, jina analoliona mtu, ni vitu viwili tofauti, id iache ya Kiingereza na usiibadilishe kamwe, name ndo ucheze nayo unavyotaka. Inkscape wenyewe wanafanya hivyo, ukienda kwenye vitendo vyake utakuta path-union, path-combine, path-difference, hayo hayabadiliki hata menyu ikisomwa kwa Kijerumani, ndo maana mtu anaweza kuandika skripti leo na mwingine akaitumia kwenye mashine yenye lugha nyingine. Ukija kugundua "Chomelea" haifai utabadilisha jina tu, shotikati walizoweka vijana hazivunjiki.

Sasa umbo la majina. Tumia amri, yaani Chomelea, Geuza, Gawanya. Usiandike Kuchomelea, Kugeuza, Kugawanya. Nimeona watu wanaandika hivyo kwa sababu inaonekana ya heshima zaidi, lakini kwenye menyu yote itaanza na Ku, jicho linateleza halipati pa kushika, na ukitaka kuchagua kwa herufi ya kwanza kwa kibodi yote ni K. Ukitumia majina ya vitu nayo yanarudi kule kule, Muungano, Mgawanyo, Mtoboo, yote M. Amri ni fupi na herufi za mwanzo zinatofautiana zaidi, na tumeshazizoea, Nakili, Bandika, Hifadhi, Hariri.

Kuhusu kidirisha au komandi moja moja, mi kanuni yangu ni kwamba kama kazi haihitaji namba wala maelezo, ifanyike hapo hapo ukibonyeza. Chomelea haina cha kuuliza. Lakini kuacha ukingo mweupe kuzunguka maandishi lazima uulize ni milimita ngapi, hiyo ndo iwe na kidirisha, na jina lake liishie na nukta tatu, "Acha ukingo…", ili mtu ajue kabla ya kubonyeza kwamba ataulizwa kitu. Hapa Outset ya Inkscape, ile ya kupanua umbo kwa nje, inawasumbua wanafunzi kwa sababu inasogeza kwa hatua iliyopangwa kule kwenye mapendeleo, kawaida piseli 2, jina halisemi na hakuna kinachouliza, wanabonyeza bonyeza mpaka waone imetosha. Kwa fundi wa stika milimita ndo lugha yake.

Na Difference, hapo usiweke jina kabla hujajibu swali moja, nani anabaki? Inkscape umbo la juu ndo linaliwa, la chini linabaki limepungua. Illustrator wao waliliona hilo wakaweka komandi mbili, Minus Front na Minus Back, jina lenyewe linakwambia nani anaondoka. Corel ile Trim yake inaangalia mpangilio wa kuchagua, ukichagua moja moja kwa Shift lile la mwisho ndo linalokatwa. Kwa hiyo jina lenye neno moja tu kama "Toboa" halitoshi, kijana atatoboa kisichotobolewa.

mzee_wa_plota

Dada wa Njombe umesema vyema sana. Naongeza kwamba Toboa ina tatizo jingine, inafaa pale umbo la juu lipo katikati ya la chini kama mbegu ndani ya parachichi kwenye zile logo za vikundi vya Rungwe. Likikaa pembeni halitoboi, linamega. Neno linalobeba yote mawili nadhani ni kuchonga. "Chonga la chini kwa la juu". Refu lakini halina utata.

fundi_mwanjelwa

Ndaga fijo wote, mmenifungua kweli. "Chonga la chini kwa la juu" naichukua kama ilivyo. Group naona nibaki na "Weka kundi" na kuitoa "Vunja kundi", Combine niite "Fanya pathi moja", pathi ni ile mistari ya umbo, na kuitengua "Achanisha pathi", ili neno tenganisha lisijirudie kwenye zote mbili. Division nafikiria "Gawanya kwa umbo la juu", Cut Path "Katisha mstari". Zinazonishinda ni Intersection na Exclusion, kila nikijaribu naishia kwenye maneno ya hesabu za darasani, makutano sijui nini.

Na jingine, kuna hii ya maandishi kugeuka umbo. Union kwenye Inkscape inakubali maandishi moja kwa moja, haikuambii kwamba umeyageuza na hayahaririki tena. Mteja anapiga simu kabadilisha namba ya simu kwenye bango, kijana anakuta ni michoro mitupu, inabidi atafute fonti upya aandike tena. Jina la komandi linaweza kubeba onyo la namna hiyo?

mbao_na_rangi

Hizo mbili ni rahisi mkuu, zote zinaongelea sehemu moja, pale maumbo yamepandana. Moja inaibakiza na nyingine inaitoa. "Bakiza palipopandana" na "Toa palipopandana". Na ile ya maelezo yenye majina ya Kiingereza ikiwepo mi sina tena pingamizi, hata mimi nitaitumia.

nodi_njombe

Kaka wa Mafinga hizo mbili ni nzuri mno, zikae jirani kwenye menyu mtu azione zikiwa jozi.

Kuhusu onyo, usilitwishe jina. Jina likianza kubeba tahadhari linakuwa sentensi na hakuna anayelisoma. Hilo ni la kutatua kwenye komandi yenyewe. "Chomelea" yako kabla haijafanya chochote inakili kwanza maandishi ya asili, iyaweke kwenye leya, yaani tabaka la mchoro, iliyofichwa uiite "Asili", ndo iendelee na nakala. Mteja akibadilisha namba kijana anafungua leya, anahariri, anachomelea upya. Kwenye Python ni mistari michache tu, kunakili elementi na kuipeleka leya nyingine. Ukiiita Inkscape kutoka ndani ya ekstensheni kwa ajili ya path-union ujue inafungua Inkscape nyingine kwa nyuma, kwenye mashine yenye RAM ndogo itachelewa, kwa hiyo waambie vijana wasubiri wasibonyeze mara mbili. Ila hakikisha ile leya haiendi kwenye plota, kuna programu za kukata zinasoma hadi vilivyofichwa, kwa hiyo unapotoa faili la kukata itoe kabisa.

Afu kabla hujafunga majina fanya hivi, mi ndo njia ninayoiamini. Chukua karatasi, chora duara na mraba vimepandana, andika jina moja la komandi chini yake, mpe kijana ambaye hajawahi kuiona hiyo menyu, mwambie achore kitakachobaki. Usimweleze chochote. Mpe mwingine karatasi kama hiyo akiwa peke yake. Wakichora tofauti, jina hilo bado, hata kama sisi wote hapa tumelipenda. Anza na "Fanya pathi moja", hiyo kwa kweli nina wasiwasi nayo, pathi ni neno letu sisi wa kwenye kompyuta.

fundi_mwanjelwa

Sawa dada, kesho asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja nawapa hizo karatasi, naanza na hiyo ya pathi na ya Chonga. Michoro yao nitaipiga picha niiweke hapa tuone wote.