Wasifu wa mwenye maono: nimwandikeje ikiwa kila msomaji anajua mwisho?

Kalamu Mbichi (swali)

Wandugu, salaam. Naandika wasifu wa Antoni Gaudí, msanifu majengo wa Barcelona, na nimekwama. Kila sura ninayoiandika, hata ile ya utoto, inakwenda kuishia kwenye kanisa la Sagrada Família. Nikieleza maradhi ya viungo yaliyomsumbua alipokuwa mdogo, najikuta nimeandika kwamba kukaa kwake peke yake akitazama mimea kulikuwa kunamwandaa kujenga nguzo zenye umbo la miti. Nikieleza masomo yake, walimu wote wanageuka kuwa ama watabiri ama vipofu. Najua kwamba hakuna mtu anayeishi hivyo, lakini kalamu inarudi palepale.

Tatizo la pili ni uhaba wa nyaraka. Gaudí hakupenda kuandika, na mwaka 1936, miaka 10 baada ya kifo chake, karakana yake ilichomwa moto vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania. Michoro ikateketea na modeli za jasi zikavunjwavunjwa. Sehemu kubwa ya maneno yanayonukuliwa kuwa yake yalihifadhiwa na wanafunzi na wageni waliomtembelea. Pengo hilo nilizibe na nini bila kubuni?

Mhariri wa Zamani

Ndugu Kalamu Mbichi, nimehariri wasifu kadhaa, na kosa unalolitaja nimelikuta karibu katika kila mswada. Dawa niliyoiona ikifaa ni ngumu kidogo: andika kila sura ukijinyima habari zote za baada ya mwaka unaouandika. Mwaka 1883 Gaudí alikuwa na umri wa miaka 31, na kazi ya Sagrada Família hakuianzisha yeye; aliirithi kutoka kwa Francisco de Paula del Villar, aliyekuwa ameianza mwaka uliotangulia kisha akajiuzulu. Kwa mtu aliyeishi mwaka ule, hiyo ilikuwa habari ya kijana aliyepata kazi iliyoachwa na mwenzake. Iandike hivyo hivyo.

Pia usizipite haraka kazi zilizokwama, kwa sababu humo ndimo utakamomwona mtu akifikiri. Park Güell, bustani ya Barcelona ambayo leo inajaa watalii, ilianza mwaka 1900 kama mradi wa kuuza viwanja vya nyumba. Vilipangwa viwanja 60, lakini nyumba zilizojengwa hazikuzidi mbili, na mojawapo alikuja kuishi Gaudí mwenyewe. Au chukua kanisa la Colònia Güell, karibu na Barcelona, ambalo halikuvuka sehemu yake ya chini. Kwa ajili ya kanisa hilo alitundika darini kamba nyembamba, akazining'inizia vifuko vya chembe za madini ya risasi vilivyowakilisha uzito ambao kila tao lingebeba, kisha akaacha uzito wenyewe uzivute kamba hadi zijichoree mkunjo. Umbo lile likipinduliwa juu chini, kamba inayoning'inia inakuwa tao linalosimama. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 10. Ndugu yangu, mtu aliyezaliwa anajua kila kitu angekuwa na haja gani ya kufunga vifuko vya risasi kwa miaka 10? Sura hiyo moja, ukiiandika kwa utulivu, itakujibia nusu ya swali lako.

Msomaji wa Shajara

Naomba niongeze kuhusu nyaraka, kwa maana wingi wake nao haumwokoi mwandishi. Msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alizaliwa mwaka 1867, lakini alizoea kusema kwamba alizaliwa 1869. Mwandishi wa habari na mvumbuzi Henry Morton Stanley alijitambulisha kwa miaka mingi kama Mmarekani, ilhali alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, na kurasa za shajara yake zilizohusu siku aliyokutana na mmisionari na mvumbuzi David Livingstone zilichanwa. Mwandishi wa wasifu akikuta uongo wa namna hii asiusahihishe tu na kuendelea na safari. Aulize mhusika alitaka aonekane nani, na mbele ya nani.

Livingstone naye ana funzo lake. Mwaka 1871 aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na mimea. Maandishi yale yalififia hata yakawa hayasomeki, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kuyachapisha mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba habari za mauaji ya watu sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, alivyoziandika siku zile na alivyozinakili baadaye kwa utulivu, hazifanani kila mahali. Ukipata matoleo mawili ya jambo moja, usichague lililo zuri. Yaweke yote mawili mbele ya msomaji.

Mfuata Njia

Mimi nashughulika zaidi na wasafiri, na nimejifunza kuuliza ni nani alikuwa amebeba mzigo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikausha mwili wake na kuubeba mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi, wakazitunza na shajara zake. Baadaye wawili hao walikwenda Uingereza wakamsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuzihariri. Kwa hiyo sehemu ya tunachokijua kuhusu siku za mwisho za Livingstone ni ushahidi wao, ingawa kwenye vitabu vingi wanatajwa kwa sentensi moja. Kwa Gaudí, mtafute Josep Maria Jujol, msanifu aliyefanya kazi naye, ambaye mkono wake umo katika vigae vya benchi la Park Güell na vizuizi vya chuma vya roshani za Casa Milà, jengo la Gaudí mjini Barcelona. Pengo ulilolilalamikia utaliziba kwa watu wa namna hii, wala hutabuni chochote.

Mchora Ramani

Nakubaliana na wenzangu kwa sehemu, lakini nina hofu. Tukiwageukia sana wasaidizi, hesabu na miradi iliyokwama, tutaandika wasifu ambao hauwezi kueleza kwa nini mtu huyu anaandikiwa kitabu. Msanifu wa Denmark, Jørn Utzon, alishinda shindano la jumba la opera la Sydney mwaka 1957 kwa michoro ya mapaa ambayo hata yeye mwenyewe hakujua bado yangejengwaje. Ilipita miaka kadhaa ndipo likapatikana wazo la kuyakata mapaa yote kutoka katika uso wa tufe moja. Alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kugombana na serikali, jumba likafunguliwa mwaka 1973 bila yeye, na hakurudi kulitazama. Ugomvi ule ni rahisi kuuandika, kwa kuwa barua zipo. Kigumu ni ile miaka ya kutojua, na huko ndiko ningependa mwandishi atumie kurasa nyingi zaidi.

Kalamu Mbichi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mswada wangu ulikuwa unaanza na tramu iliyomgonga Gaudí mwezi Juni 1926, akadhaniwa ni ombaomba kwa sababu ya nguo zake, akafariki siku 3 baadaye. Nimeiondoa hapo mbele. Sasa sura ya kwanza inaanzia kwenye kamba na vifuko vya risasi, na kabla ya kuendelea naanza kuwatafuta waliozifunga kamba hizo pamoja naye.